Je, wajua kwa nini mgagani hupikwa kwa maziwa?

Mvua zikianza Usukumani, mgagani, mboga ya majani yenye uchungu, huota wenyewe, hasa palipokuwa na zizi la ng'ombe. Mwanza mjini huuzwa kwa mafungu sokoni. Ng'ambo ya Ziwa Victoria Waluo huuita dek, nao huupika kwa maziwa vilevile.

Miaka yote niliamini maziwa huumeza uchungu kwa utamu wake. Siku moja maziwa yaliniishia, nikatia sukari vijiko viwili. Nikapata mboga chungu yenye sukari.

Kumbe mgagani una mambo mawili, ukali na uchungu, nami nilikuwa nayachanganya. Ukali ule unaopanda puani ukipikicha jani mbichi hutengenezwa papo hapo. Ndani ya jani kuna kemikali na kuna kimeng'enya, yaani kichocheo cha kuibadilisha kemikali hiyo, kila kimoja chumbani kwake, kama njiti na ubavu wa kiberiti. Tembea navyo mfukoni mwaka mzima, hakuna moto. Ponda jani, kuta zinapasuka, viwili hivyo vinakutana, njiti inawaka. Haradali hutumia ujanja huohuo. Maji yanayochemka huua kimeng'enya, yaani ubavu wa kiberiti umelowa: njiti bado zipo, ila haziwaki tena.

Uchungu ni habari nyingine. Sehemu yake huondoka na maji ya kwanza yanayomwagwa. Tanini zinazobaki, kemikali za mmea zinazokausha ulimi, hushikwa na protini za maziwa zisiukamate ulimi, kama chai ya rangi iliyokolea inavyolainika ukiitia maziwa, hata bila sukari.

Wazee husema uchungu ndiyo dawa, na kwamba mgagani huongeza damu. Madini ya chuma yamo kweli, lakini chuma cha majani mwili hukifyonza kwa shida, na vitamini C ambayo ingesaidia nyingi imemwagwa na yale maji. Ni mboga nzuri. Aliyeishiwa damu akapime hospitali. Wengine hupaka majani yaliyopondwa kwenye paji la uso kutuliza kichwa. Huo ni moto uleule wa kiberiti, na ukikaa sana unaweza kutoa malengelenge.

Watafiti nchini Kenya walishaona kwamba kupe huukimbia mgagani. Mdudu anayeridhika kuishi ndani ya sikio la ng'ombe, harufu hii inamshinda.