Samaki hapikwi kama nyama

Hapa Tanga, wengi wakitoka kazini jioni huona samaki wa nazi ni pishi la Jumapili. Wanaamini lazima akaangwe kwanza, kisha atokote sana ndipo viungo vimwingie. Si kweli, na tunaharibu samaki wazuri wa soko la Deep Sea bure.

Nyama ya ng'ombe ina nyuzi ngumu zinazotaka muda kulainika. Za samaki ni chache na dhaifu. Minofu yake hushikana kwenye nyuzijoto 60 hivi. Ukizidisha, maji yanamtoka anabaki mkavu. Kukaanga kunamfaa samaki atakayelala. Wa leo hahitaji.

Kinachotaka muda ni mchuzi. Kaanga kitunguu, thomu, bizari na nyanya mpaka nyanya zirojeke na mafuta yajitenge. Mimina tui jepesi, ndipo uweke vipande vya samaki aina ya changu ulivyovipaka ndimu na chumvi. Moto mdogo, dakika 8 hadi 10. Chokoa karibu na mfupa: nyama ikiwa nyeupe na inaachia, ameiva. Usitie mwiko, atavunjika. Shika sufuria uitikise. Tui zito liingie mwisho, na lisichemke sana, litakatika.