Kupe vamizi ni kupe gani?

Mnadani Msalato, nje kidogo ya mji wa Dodoma, ukiinua mkia wa ng'ombe huchelewi kukuta kitu kama mbegu ya mbarika: cha kijivu, kimevimba, kinang'aa. Ni kupe jike aliyeshiba. Nilimwona kijana mmoja akimbandua wa namna hiyo kwa vidole, akamweka kwenye jiwe ili ampasue kwa ukucha.

"Mjukuu wangu, mtupe motoni. Usimpasue," nikamwambia.

"Babu, si kupe tu?"

Inategemea ni kupe yupi, na hapo ndipo neno "vamizi" linapoingia. Wengi tumelizoea kwenye magugu, kama gugu maji lililoziba fukwe za Ziwa Victoria. Kiumbe vamizi si wa asili ya mahali hapo. Ameletwa, mara nyingi na shughuli za watu, akakaa, akazaliana, kisha akaanza kuwabana wenyeji. Akiishia kufika tu, akafa kwa baridi au ukame, huyo ni mgeni. Hajavamia.

Mfano wetu wa nyumbani ni kupe wa buluu wa Asia, *Rhipicephalus microplus*. Alikuja Afrika na ng'ombe, na hapa nchini ameshika zaidi maeneo yenye joto na unyevu, kama pwani. Tunaye pia kupe wa buluu wa Kiafrika, *Rhipicephalus decoloratus*, na kwa macho ya kawaida huwezi kuwatofautisha. Mgeni huzaliana haraka kuliko mwenyeji. Wakipandana, watoto wanaotoka ni tasa, kwa hiyo mwenyeji anapoteza uzazi wake bure, kidogo kidogo, mpaka malisho yanabaki ya mgeni. Tena huyu hahitaji kushuka njiani: tangu akiwa mdogo wa miguu sita hadi anashiba, yupo juu ya ng'ombe yuleyule kwa wiki tatu hivi. Ukinunua ng'ombe Tanga ukampakia kwenye lori, umepakia na ukoo mzima.

Sasa, watu wanachanganya jambo moja: wanadhani kupe vamizi lazima awe mbeba virusi. Mvamizi huyu sifa yake kubwa ni kueneza ugonjwa wa ng'ombe uitwao mkojo mwekundu, na ugonjwa huo unaletwa na vijidudu vya kwenye chembe za damu. Si virusi. Ndigana kali nayo si virusi, na anayeieneza ni kupe wa masikio, mwenyeji kabisa wa Afrika Mashariki. Kuvamia ni habari moja, kubeba virusi ni habari nyingine. Kupe anaweza kuwa na sifa moja akakosa ya pili.

Enzi za Ujamaa, "kupe" lilikuwa jina la mnyonyaji, mtu anayeishi kwa jasho la wenzake. Tusi zuri, ila lina kasoro: kupe halisi hanyonyi tu, hutema pia. Akishajichimbia kwenye ngozi hukaa siku kadhaa, na muda wote anaingiza mate yanayozuia damu isigande na mwili usishtuke. Virusi alivyovipata kwa mnyama wa kwanza hupenya utumbo wake, vikafika kwenye tezi za mate, vikangoja mlo unaofuata. Akijivua gamba kuingia hatua nyingine ya ukuaji, anavuka navyo. Aina nyingine mama huvirithisha hadi kwenye mayai. Na kupe wawili wakinyonya bega kwa bega wanaweza kuambukizana hata kama damu ya mnyama ina virusi vichache mno. Mbu hukaa wiki chache akafa. Kupe anaweza kumaliza miezi akiwa na mzigo wake.

Kwa nchi kavu kama Dodoma, wa kuangaliwa ni jamii ya *Hyalomma*. Ni wakubwa, miguu yao ina pete nyeupe, na hawangoji kwenye nyasi kama wenzao: wakihisi mnyama au mtu, wanamkimbilia. Hao ndio wabebaji wakuu wa virusi vya homa ya Crimea-Kongo, iliyotambuliwa Crimea mwaka 1944, na virusi vyake vikapatikana Kongo mwaka 1956. Ng'ombe haumwi, ila virusi huwa kwenye damu yake kama wiki moja. Anayeumwa ni mtu: mchungaji aliyeng'atwa, mchinjaji, au huyo kijana mwenye ukucha. Kati ya wagonjwa 100, hufa 10 hadi 40. Majirani zetu Uganda wamethibitisha wagonjwa mara kadhaa.

Ila hapa *Hyalomma* si mvamizi, yuko kwao. Anaitwa mgeni Ulaya ya kati na ya kaskazini. Watoto wake hung'ang'ania ndege wanaohama kutoka Afrika, na mwaka 2018 Ujerumani waliwakuta waliopevuka kwenye farasi. Kwa hiyo katika masimulizi ya wenzetu, kupe wa kutisha ni wa kutoka kwetu.

Wa kukutanisha sifa zote mbili ni *Haemaphysalis longicornis* wa Asia Mashariki. Huko hueneza virusi vya homa kali inayoshusha chembe za kugandisha damu. Mwaka 2017 akatambuliwa kwa kondoo mmoja New Jersey, Marekani, na tangu hapo ameenea majimbo mengi. Wapo majike wa aina hii wanaotaga bila dume, kwa hiyo mmoja anatosha kuanzisha kizazi. Virusi vyenyewe havijaonekana kumfuata huko Marekani, lakini chombo cha kuvibeba kimeshafika.

Turudi Msalato. Lori likishusha ng'ombe wa pwani mwezi Agosti, jike aliyeshiba akadondoka vumbini, maelfu ya mayai yake yatakauka. Akidondoka Januari, mvua zimeshika na majani ya bondeni yamefunga, hali ni nyingine.