Mkanda Ukilia, Usiupake Sabuni

Gari likiwashwa asubuhi na mapema likalia kama panya aliyebanwa mlangoni, madereva wengi hutafuta kipande cha sabuni. Wanakipitisha kwenye mkanda wa injini, kelele inakata, safari inaendelea. Jioni kelele imerudi, na mkanda umezidi kuwa laini na kuteleza.

Mkanda huo hupokea nguvu kwenye puli (gurudumu) ya krenki, shafti kuu ya injini, na kuzungusha altaneta inayochaji betri, pampu ya usukani, kompresa ya AC na, kwa magari mengi, pampu ya maji. Ukikatika barabarani, taa ya betri inawaka na usukani unakuwa mzito ghafla. Kama pampu ya maji nayo iko humo, injini itachemka muda si mrefu. Egesha, zima. Usijikaze kufika nyumbani.

Kujua kwa nini unalia, nyunyizia maji kidogo upande wa mkanda wenye mifereji, injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta. Kelele ikizidi, mkanda unateleza: umelegea au umechakaa. Ikinyamaza kisha ikarudi, puli hazijakaa mstari mmoja. Mikono, mtandio na tai viwe mbali! Na usitegemee nyufa kukuonyesha uchakavu kama zamani. Mikanda ya siku hizi hupasuka kwa nadra. Hulika taratibu ndani ya mifereji, nawe unauona mzima.

Kabla ya kununua mpya, tazama juu yake. Niliwahi kuletewa Hiace iliyokwishabadilishwa mikanda miwili, na fundi alikuwa ameukaza wa pili mpaka beringi ya altaneta ikaanza kuunguruma. Kumbe mpira (bomba) unaorudisha oili ya usukani ulikuwa unatoa jasho kwenye klipu, tone moja moja, juu ya mkanda. Klipu ile ni bei ya soda.

Oili ya usukani haipungui yenyewe. Ikishuka, inavuja mahali. Ya kuongezea soma kwenye mfuniko wa tanki lake. Toyota nyingi za zamani hutumia ATF, oili ya giaboksi ya otomatiki, lakini Honda ina yake. Oili ya breki usiiguse kabisa, inaharibu sili, zile raba zinazozuia kuvuja. Ukiona povu, kuna hewa imeingia. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, imwagwe yote. Na unapogeuza gari uchochoroni, usishikilie usukani mwishoni kabisa zaidi ya sekunde chache, maana pale pampu inasukuma kwa nguvu zote na oili inachemka.

Wenye usukani wa umeme hawana tanki hilo, ndiyo maana hudhani haya hayawahusu. Lakini mota ya usukani wao inakula umeme mwingi, na umeme unatoka kwenye altaneta. Usukani ukiwa mzito huku taa za mbele zikififia, fungua boneti uanze na mkanda uleule.