Mausi inabofya mara mbili, wao wanakwambia badilisha betri

Wengi wanaoniletea mausi zisizo na waya huwa wameshabadilisha betri, wameshafuta vumbi, na wengine wameshaweka Windows upya. Wamefanya yote hayo kwa sababu ndivyo walivyoelekezwa na huduma kwa wateja, na mausi bado ni mbovu. Mimi ni fundi wa kompyuta Dar es Salaam, na mausi kuharibika hakunishangazi. Chochote chenye swichi kina mwisho wake. Kinachonikera ni kwamba tatizo la mausi linaweza kujulikana ndani ya dakika chache, lakini anayekupokea upande wa pili hakupewa nafasi ya kulijua.

Ubovu ninaokutana nao zaidi ni huu: unabofya mara moja, kompyuta inasoma mara mbili. Ulitaka kuchagua faili, limefunguka. Unaburuta folda, inakuponyoka njiani na kuangukia pengine. Chini ya kitufe cha mausi kuna swichi ndogo yenye ulimi mwembamba wa chuma. Ukibonyeza, ulimi unaruka na kugusa ncha ya pili, ila hautulii papo hapo. Hudundadunda kwa milisekunde chache kabla ya kushika. Programu iliyomo ndani ya mausi imeandaliwa kwa hilo: inasubiri midundo ipite, kisha inahesabu mbofyo mmoja. Swichi ikichoka, au ncha zake zikifanya utando, midundo inadumu kuliko muda huo wa kusubiri, na mbofyo mmoja unafika kwenye kompyuta ukiwa miwili.

Mausi isiyo na waya inaumia zaidi hapa. Ili betri idumu, volti yake ni ndogo na mkondo unaopita kwenye swichi ni hafifu sana. Mkondo wenye nguvu kidogo ungepenya ule utando kila swichi inapofunga. Mkondo hafifu unashindwa. Kwa hiyo siitegemei sana namba wanayojivunia kwenye boksi, mibofyo milioni 10 au milioni 20. Ni namba ya majaribio ya kiwandani. Haikwambii swichi ile itakuwaje ikifanya kazi kwa mkondo mdogo, kwenye hewa ya pwani yenye unyevu mwaka mzima.

Na ubovu huu unapimika. Kuna programu ndogo za bure zinazorekodi muda kati ya mbofyo mmoja na unaofuata. Mausi yangu ya kazini ilipoanza matatizo niliipima, nikaona nafasi zisizofika milisekunde 30 kati ya mibofyo niliyokusudia iwe mmoja. Kidole kimoja cha binadamu hakina kasi hiyo. Nikapiga picha ya matokeo, nikarekodi video, nikaambatanisha risiti na namba ya mausi, nikaeleza kwamba nimeijaribu kwenye kompyuta tofauti na matokeo ni yaleyale. Waranti ilikuwa bado hai.

Jibu likaja: badilisha betri, sogeza mausi karibu na kipokezi (kile kidude cha USB unachochomeka kwenye kompyuta), safisha sehemu ya chini. Nikajibu kwamba hayo hayahusiani na swichi, na kwamba nimeyafanya. Akaja mhudumu mwingine na maneno yaleyale, hata nukta hazikubadilika. Wa baadaye akaniomba niijaribu kwenye kompyuta nyingine. Mwishoni nikapata ujumbe kwamba lalamiko langu limefungwa kwa sababu sikutoa majibu. Video yangu, kwa nilivyoona, haikufunguliwa na mtu yeyote.

Simlaumu kijana anayejibu. Amepewa karatasi ya maswali na anapimwa kwa idadi ya malalamiko anayofunga. Waliotunga karatasi ile ndio wanaopaswa kuulizwa, kwa sababu inaichukulia kila mausi mbovu kama mausi yenye njaa ya betri. Wangeanza na swali moja tu, kama kinachosumbua ni mshale au ni kitufe, nusu ya kazi ingekuwa imeisha.

Maana mshale unaogandaganda ni habari nyingine kabisa. Mausi nyingi za namna hii huwasiliana na kipokezi chake kwenye masafa ya gigahezi 2.4, yaleyale yanayotumiwa na Wi-Fi nyingi na Bluetooth. Mwaka 2012 Intel ilitoa waraka wa kiufundi ulioonyesha kuwa vifaa vya USB 3.0 na waya zake hutoa kelele ya redio kwenye masafa hayohayo. Mteja amechomeka diski ya nje tundu la kushoto, kipokezi cha mausi kipo tundu la jirani, na kila akihamisha mafaili mshale unakwama. Chomoa diski. Mshale ukirudi kuwa laini, mausi haina kosa. Nunua waya mfupi wa kurefusha USB, kipeleke kipokezi mbali na diski, basi. Kampuni ikikutumia mausi mpya kwa tatizo hili imetupa hela yake, na mpya nayo itakwama vilevile. Meza ya kioo nayo humchanganya mtu hivyohivyo. Weka karatasi chini ya mausi uone.

Kama ni kitufe, usihangaike na betri. Rekodi video inayoonyesha kidole na kioo cha kompyuta kwa pamoja, kisha anza na duka lililokuuzia, kwa maandishi, ukiwa na risiti ya EFD, ile inayotoka kwenye mashine ya kodi. Muuzaji ndiye aliyepokea hela yako. Asikusukume kwa kampuni ya ng'ambo kana kwamba yeye alikuwa mpita njia. Akikataa, nenda Tume ya Ushindani. Iliundwa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na kumlinda mlaji ni sehemu ya kazi zake.

Usiifungue mausi kabla ya hapo. Skrubu huwa zimefichwa chini ya vile vibandiko laini vya kutelezea, na vikishabanduliwa inajulikana, waranti wanaikataa. Waranti ikishakwisha, fundi mwenye mkono mzuri wa kulehemu ataitoa swichi ya zamani na kuweka mpya. Ina miguu mitatu tu, ila hakikisha umbo na urefu wa kichwa vinalingana. Mimi nilibadilisha ya kushoto na ya kulia kwa pamoja. Anayenunua sasa aulize kama mausi ina swichi za mwanga. Hizo hutambua mbofyo kwa kukata miale badala ya kugusanisha chuma, kwa hiyo hakuna ncha ya kushika utando wala ulimi wa kudunda.