Je, wajua kwa nini kipimo cha makohozi kinaweza kukosa TB iliyopo?

Kwa miaka mingi niliamini kipimo cha makohozi ni kama swichi ya taa: vimelea vipo, inawaka, havipo, haiwaki. Ndugu akirudi na majibu hasi, tulimshukuru Mungu na kumchemshia tangawizi. Nilikosea. Fomu ya maabara ina uangalifu kuliko sisi wasomaji wake: huandika kwamba vimelea “havikuonekana”. Haijasema havipo.

Tofauti hiyo ni ya hesabu. Vimelea vya TB, alivyovitambulisha Robert Koch mwaka 1882, vina ukuta wenye nta. Vikipakwa rangi nyekundu na kuoshwa kwa tindikali, havibanduki rangi; vingine karibu vyote hubanduka. Mtaalamu hutafuta vijiti vyekundu kwenye uwanja wa buluu. Lakini makohozi yanayopakwa kwenye slaidi ni kama sehemu moja ya mia ya mililita, na kwa ukuzaji wa darubini slaidi hiyo ina maeneo kama 10,000 ya kutazama. Kwa kawaida hutazamwa 100 hivi. Sasa mgonjwa mwenye vimelea 10,000 kwa mililita atakuwa na 100 kwenye slaidi nzima, yaani kimoja tu katika maeneo yote yaliyotazamwa. Ukipikicha macho, kimekupita.

Ni sawa na kuchambua kiganja kimoja cha mchele ukatangaza kwamba pishi zima halina kokoto. Jino litakujibu mezani.

Wenye VVU hupotea zaidi kwenye hesabu hii, kwa kuwa mapafu yao mara nyingi hayana yale mashimo yanayomwaga vimelea kwa wingi. Watoto wadogo nao humeza makohozi, ndiyo maana siku hizi hata choo chao hupimwa. Na wapo wanaojaza kikopo mate matupu badala ya makohozi. (Mimi nilidhani ni kitu kimoja, ingawa Kiswahili kilishayatenganisha zamani.)

Mashine ya GeneXpert, iliyoidhinishwa na WHO mwaka 2010, hutafuta vinasaba badala ya vijiti, na toleo lake la kwanza liliweza kunasa vimelea kama 130 tu kwa mililita, ndani ya saa mbili. Ila vinasaba vya kimelea mfu navyo huonekana, kwa hiyo aliyemaliza dawa karibuni anaweza kusoma chanya bila kuumwa.

Halafu kuna Morogoro. Pale SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO limefundisha panya buku kunusa makohozi, yakiwemo yaliyokwisha kusomwa hasi vituoni. Panya mmoja humaliza sampuli 100 kwa dakika 20 hivi, na akiganda sekunde chache juu ya tundu la kunusia sampuli, sampuli hiyo hupimwa upya. Wagonjwa wengi waliokosekana wamepatikana hivyo, ingawa majibu bado husainiwa na binadamu.