Je, wajua kwa nini njia ya baiskeli humlinda hata mwenye gari?

Asubuhi, kwenye barabara ya kutoka Gede kuingia Malindi, waendesha baiskeli hubanana ukingoni mwa lami: muuza madafu aliyeyaning'iniza pande zote mbili za keria, mchuuzi wa samaki na ndoo yake, fundi anayekwenda kazini. Lori likija nyuma kwa kasi, mwenye mzigo hana budi kushuka mchangani. Hapo gurudumu la mbele huzama, usukani humpinda mkononi, na uzito wa madafu ukilalia upande wa kulia humwangusha kule kule yanakopita magari.

Ndiyo maana wengi hudhani kwamba njia ya baiskeli ni hisani anayofanyiwa huyo muuza madafu peke yake. Sivyo. Mwaka 2019, watafiti Wesley Marshall na Nicholas Ferenchak walichapisha utafiti wa miji mikubwa 12 ya Marekani, wakipitia takwimu za ajali za miaka 13. Waliona kwamba penye njia nyingi za baiskeli zilizotengwa kwa kizuizi, vifo hupungua kwa watumiaji wote wa barabara, walio ndani ya magari wakiwemo. Palipochorwa mstari wa rangi tu, nafuu hiyo haikuonekana.

Kabla ya hapo, maelezo yaliyopendwa yalikuwa ya wingi. Mwaka 2003 mtafiti Peter Jacobsen alionyesha kwamba baiskeli zikiongezeka maradufu, hatari kwa kila mwendeshaji hupungua kwa takriban theluthi moja, kwa kuwa madereva huzoea kuziona. Lakini Marshall na Ferenchak walipopima yote mawili, ujenzi wa barabara ulieleza zaidi kuliko idadi ya baiskeli. Kwangu mimi hilo ni jambo zito, kwa sababu baiskeli Malindi hazijapungua. Kilichopungua ni mahali pa kuzipitisha.

Kizuizi kinamsaidiaje dereva? Kwanza kinambana. Barabara pana iliyonyooka humwambia mguu ukanyage mafuta, hata kama kibao kinasema vingine. Ukingo wa zege ukiwa karibu na tairi, mguu hulegea wenyewe. Na mwendo ndio unaoua. Tuseme dereva huchukua sekunde moja kushtuka kabla ya kukanyaga breki, na lami ni kavu. Akiwa kwenye kilomita 30 kwa saa, gari litakuwa limesimama baada ya mita 13 hivi. Akiwa kwenye 50, atakapofika mita hiyo ya 13 bado hajagusa breki, na atamgonga mtoto aliyekatiza kwa kasi ile ile ya 50. Nguvu ya kishindo hicho ni karibu mara tatu ya kile cha kilomita 30. Mwaka 2020, Azimio la Stockholm kuhusu usalama barabarani lilitaka kikomo kiwe kilomita 30 mahali ambapo magari huchanganyika na watu wa miguu na wa baiskeli. Pita sokoni Malindi uone kama hawachanganyiki.

Pili, kila mmoja hujulikana atatokea wapi. Tuktuk halilazimiki kuchepuka ghafla kukwepa baiskeli na kukutana uso kwa uso na matatu. Anayevuka kwa miguu naye hupata lami fupi ya kuvuka.

Uholanzi, inayosifiwa leo, haikuzaliwa hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, magari yalikuwa yakiua watoto zaidi ya 400 kwa mwaka huko, wazazi wakaingia barabarani kuandamana, na serikali ikaanza kujenga.

Kwetu pwani kuna jambo la kuongeza: upepo. Wakati wa kusi, upepo uvumao kutoka kusini, anayetoka Malindi kwenda Gede huupokea usoni, na akiwa na mzigo huyumba. Njia yake ikijengwa nyembamba ya kumtosha anayekwenda wima, atarudi kwenye lami. Ahesabiwe pamoja na madafu yake.