Paka wa mabaka wa Mwanjelwa na alama zinazokaa juu ya DNA

Ukipita Soko la Mwanjelwa, hapa Mbeya, upande wa wauza dagaa, huenda ukamkuta paka mwenye mabaka meusi na ya rangi ya chungwa, pengine na meupe pia. Huna haja ya kumgeuza ili ujue jinsia yake, kwa maana karibu kila mara ni jike. Jeni inayoamua kama manyoya yawe meusi au ya chungwa iko kwenye kromosomu X, na jike ana X mbili, moja ya mama na moja ya baba. Alipokuwa bado kiinitete, kila seli yake ilizima X moja. Ipi? Hapo ni bahati nasibu. Seli iliyozima X yenye chungwa ilizaa ukoo wa seli za weusi, ya jirani ikafanya kinyume, na mpaka wa koo hizo mbili ndio unaouona kwenye manyoya. Weupe una jeni yake nyingine, tuuache.

Kuzima si ajabu sana. Ajabu ni kwamba ngozi ya paka huyo imeendelea kugawanya seli tangu tumboni hadi uzeeni, na X iliyozimwa siku zile bado imezimwa. Herufi za DNA hazikubadilika hata moja. Kumbukumbu hiyo inashikiliwa na alama kadhaa zinazokaa juu ya DNA, na mojawapo iliyo muhimu ni methili.

Methili ni kitu kidogo sana: kaboni moja na hidrojeni tatu. Kwa mamalia hupachikwa hasa kwenye sitosini, ile herufi C kati ya herufi nne za DNA (A, C, G na T), pale inapofuatwa na G. DNA ya binadamu ina sehemu za namna hiyo zipatazo milioni 28, na katika seli za kawaida za mtu mzima asilimia 70 hadi 80 ya sehemu hizo zina methili. Zikijaa mwanzoni mwa jeni, kwa kawaida jeni hiyo inanyamaza. Zikiwa katikati ya jeni mambo ni tofauti, maana jeni nyingi zinazofanya kazi kwa nguvu zina methili tele ndani yake, kwa hiyo anayekuambia kila methili ni kufuli amerahisisha mno.

Sasa tuje kwenye swali ambalo kituo chetu huulizwa kila tunaposimama kwenye banda letu la maonyesho ya Nane Nane, viwanja vya John Mwakangale: alama hizo zikishawekwa, zinabakije? Wengi hudhani zimegandishwa na basi. Hapana. Zinafanana na mfereji wa mpunga kule Mbarali, ambao usipozibuliwa kila msimu hujifukia wenyewe bila mtu kushika jembe.

Seli ikitaka kugawanyika lazima kwanza inakili DNA yake. Nyuzi mbili zinaachana, na kila uzi wa zamani unajengewa mwenzake mpya. Uzi mpya unajengwa kwa sitosini tupu, zisizo na methili. Kwa hiyo dakika chache baada ya kunakili, kila sehemu iliyokuwa na methili pande zote mbili sasa inayo upande mmoja tu, ule wa zamani. Seli ikigawanyika tena katika hali hiyo, nusu ya nakala zitakuwa hazina kitu kabisa. Vizazi vichache vya seli vikipita, alama imekwisha.

Kinachookoa ni mpangilio wenyewe wa CG. C siku zote hukaa mkabala na G, kwa hiyo uzi mmoja ukisomeka CG, uzi wa pili, ukiusoma kwa mwelekeo wake, nao ni CG. Maana yake uzi wa zamani unaonyesha wazi mahali pa kupachika methili kwenye uzi mpya. Mwaka 1975 Arthur Riggs upande mmoja, na Robin Holliday na John Pugh upande mwingine, waliandika kwamba lazima kuna kimeng'enya, yaani protini inayoendesha kazi ya kikemia ndani ya seli, kinachotafuta sehemu zenye methili upande mmoja na kuzikamilisha. Wakati huo hakuna aliyekuwa amekitenga kimeng'enya hicho katika mamalia. Walikifikia kwa kufikiri tu.

Kimeng'enya chenyewe leo tunakiita DNMT1, na hakifanyi kazi peke yake. Kinatanguliwa na protini iitwayo UHRF1, ambayo jukumu lake lilieleweka mwaka 2007. Hii hupita kwenye DNA iliyotoka kunakiliwa, na ikifika kwenye CG yenye methili upande mmoja inaipindua ile C yenye methili, inaitoa nje ya mzingo wa nyuzi mbili na kuishika kwenye kishimo chake, kana kwamba inahakikisha kwa vidole. Ikishaithibitisha, inaita DNMT1 ije ipachike methili upande wa pili. Kazi hiyo hurudiwa mamilioni ya mara katika kila seli inayogawanyika, kuanzia utumbo wako hadi kwenye mzizi wa unywele. Makosa yapo, sehemu chache katika kila mia hurukwa, na vimeng'enya DNMT3A na DNMT3B, vile vinavyoweka methili mahali ambapo hapakuwa nayo, husaidia kuziba mapengo. Panya walioharibiwa jeni ya DNMT1 hufa wakiwa bado viinitete. Hilo lilionyeshwa mwaka 1992.

Kuondoa alama nako kuna njia mbili. Ya kwanza ni ya uvivu: acha kuzibua. Zuia DNMT1 isifike kazini, seli igawanyike, methili zitapungua zenyewe. Kiinitete katika siku zake za kwanza hufanya hivyo hasa, DNMT1 nyingi ikizuiwa kuingia kwenye kiini cha seli.

Njia ya pili ni ya kemia, na iliwasumbua watafiti kwa miaka. Kiungo cha kaboni kwa kaboni kinachoshika methili ni kigumu, na katika mamalia hakijapatikana kimeng'enya kinachoing'oa moja kwa moja. Mimea wana njia yao: wana vimeng'enya vinavyokata sitosini nzima pamoja na methili yake. Katika jambo hili mmea umetuzidi.

Jibu la mamalia lilianza kuonekana mwaka 2009, kundi la Anjana Rao nchini Marekani lilipoonyesha kwamba kimeng'enya TET1 huipachikia methili oksijeni. Methili inageuka haidroksimethili. TET ikirudi mara ya pili na ya tatu, inaigeuza tena kuwa formili na hatimaye kaboksili. Hizo mbili za mwisho hutambuliwa na kimeng'enya kingine, TDG, ambacho hukata herufi yote. Mafundi wa kawaida wa kukarabati DNA huziba pengo kwa C mpya isiyo na methili. Ni mzunguko mrefu, lakini kwa seli isiyogawanyika, kama za ubongo, ile njia ya uvivu haifai kabisa.

Ufutaji mkubwa hufanyika mara mbili katika maisha ya mamalia. Kwanza ni baada tu ya mbegu na yai kukutana, ambapo TET3, ndugu wa TET1, hushughulikia hasa DNA iliyotoka kwa baba. Pili ni ndani ya seli changa za kiinitete ambazo baadaye zitakuwa mayai au mbegu za kiume. Huko karibu kila kitu kinafutwa, kisha kinaandikwa upya kulingana na jinsia ya kiinitete. Ndiyo sababu mimi nasita kila ninaposikia kwamba mambo aliyopitia babu yameandikwa kwenye DNA ya mjukuu. Kwa mamalia alama nyingi hazivuki vizuizi hivyo viwili.

Zipo zinazovuka kile cha kwanza, tena kwa makusudi. Jeni zipatazo mia moja na zaidi hubeba alama ya kusema zimetoka kwa mama au kwa baba, na protini ZFP57 hukaa juu yake kuzilinda wakati wa ufutaji. Umuhimu wake unaonekana kwenye kromosomu namba 15 ya binadamu. Kipande kilekile kikikosekana upande wa baba, mtoto huzaliwa legelege na baadaye hupata njaa isiyoshiba; kikikosekana upande wa mama, mtoto hupata degedege, hasemi au husema maneno machache sana, na hucheka mara kwa mara. Magonjwa mawili tofauti, kipande kimoja.

Nirudi kwenye banda letu. Kila mwaka hapakosi mtu aliyeuziwa unga au matone ya "kusafisha DNA". Asidi ya foliki ni kweli inahusika na methili, kwa kuwa mwili huitumia kutengeneza molekuli ambayo DNMT1 huchukua methili kutoka kwake. TET nazo zinahitaji madini chuma, na vitamini C huzichangamsha, angalau kwenye seli za maabara. Ila vyote hivyo ni mali ghafi. Havichagui jeni ya kuzima wala ya kuwasha. Vidonge vya chuma na foliki unavyopewa kliniki, mama, vimeze bila kuruka, kwa sababu vinakuongezea damu. Na anayepanga kushika mimba aanze foliki mapema, maana humpunguzia mtoto hatari ya mgongo wazi. Hizo ni sababu tosha, haihitaji kuongezewa chumvi.

Dawa halisi za kupunguza methili zipo. Azasitidini iliidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa magonjwa fulani ya uboho: hujifanya sitosini, ikaingia kwenye DNA, na DNMT1 ikija kufanya kazi inanasa palepale. Ni dawa nzito, ya kutolewa na daktari bingwa, na inashusha chembe za damu.

Wafugaji wa Rungwe na Njombe huwa na swali lao: je, ndama wakubwa kupita kiasi wanatokana na alama hizi? Inawezekana, lakini kwa viinitete vilivyokuzwa maabara. Mwaka 2001 watafiti wa Scotland walionyesha kwamba vijusi vya kondoo vilivyokua kupita kiasi baada ya kukuzwa hivyo vilikuwa vimepoteza methili kwenye jeni IGF2R, inayozuia ukuaji uliozidi. Uhimilishaji wa kawaida haupitii huko, kwani kiinitete hukua tumboni mwa ng'ombe tangu siku ya kwanza. Mtamba wako wa kienyeji akikwama kuzaa baada ya kuhimilishwa, usiilaumu methili. Muulize mhimilishaji mbegu ilikuwa ya dume gani, kwa sababu Friziani mkubwa kwa mtamba mdogo ni shida tosha.